Mboga Ulizopeleka Getini

Mama Faida, dada yangu,

Niko Kibuli. Nimekaa chumbani kwa Nalongo, jirani yetu wa mlango wa mwisho, yule mama wa mapacha aliyekuwa akikugombeza kwa kumwaga maji ya kuoshea mboga mbele ya mlango wake. Ametoka kwenda sokoni, akaniachia chumba na kalamu ya mwanawe. Watu wanashuka kutoka msikitini, nasikia kandambili zao njiani. Kesho asubuhi narudi Kitgum, kwetu kaskazini, na kabla sijaondoka nilitaka kuongea na wewe. Karatasi hii nikiimaliza nitaichana, maana kwenye vizuizi vya barabarani askari wanapekua hata nepi za watoto, na maneno nitakayoyaandika hapa hayafai kukutwa kwa mtu.

Nianze na habari za hapa. Chumbani kwako sasa anakaa fundi cherehani na mkewe, watu wapole. Mlango wameupaka rangi ya buluu. Sabuni bado ni ya kutafuta kwa kujuana, na sukari imekuwa kitu cha kusimuliana. Yule mafuta mingi, tajiri wa ghafla aliyepewa duka la Mhindi pale chini ameuza mpaka rafu. Sasa duka ni chumba kitupu, na mwenyewe anakaa kwenye kiti mlangoni kama mtu aliyeambiwa asubiri. Ungemwona ungecheka. Ungesema, "Tazama, tajiri iko naota jua."

Habari za kifo chako nilizipata kwa dereva wa lori la pamba. Alisimama nyumbani kwetu kuomba maji ya kunywa, tukaulizana habari za Kampala, na katikati ya maneno mengine akasema, "Na yule Mkongomani wa mboga wa Kibuli, si alikufa?" Alisema vile mtu anavyosema kwamba mvua ilinyesha. Nikamwambia simjui anayemsema. Akazidi kunieleza: kitenge cha njano, sauti kubwa, binti mmoja. Nikabaki nimeshika kopo la maji, yeye anangoja nimpe. Kumbe ulikuwa umezikwa zamani. Muda wote ule nilikuwa nikikutaja kama mtu aliye hai. Nikipalilia nasema, "Mama Faida angeona tuta hili angesema nini," na wewe haupo.

Mengine ameniambia Nalongo. Nitafika huko. Acha kwanza nikumbuke tulivyoanza, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu ninayoweza kuiandika bila kuiweka kalamu chini.

Ulinikuta sina akili. Okot wangu, sajenti wa polisi, alikuwa amechukuliwa kazini mchana kweupe na watu waliovaa miwani myeusi. Wenzake walioona walinigeuzia mgongo, na siwalaumu, kila mmoja alikuwa na watoto. Sisi watu wa kaskazini tulikuwa tukitolewa makazini mmoja mmoja, na aliyetolewa hakuna anayemuulizia. Nikaambiwa nihame kwenye nyumba za polisi. Nikaja Kibuli na mwanangu Atim, godoro na sufuria. Mimi ni mtoto wa polisi, nimezaliwa kwenye nyumba za serikali na nikaolewa kwenye nyumba za serikali. Jembe sikuwahi kulishika. Mboga kwangu ilikuwa kitu kinacholetwa mlangoni na mwanamke mwenye kikapu.

Na mwanamke mwenye kikapu ulikuwa wewe. Siku ile nilitaka kununua majani ya dodo. Ulinitazama, kisha ukautazama ule ukanda wa ardhi nyuma ya bafu, uliojaa chupa zilizovunjika na mikebe.

"Weye unanunua lengalenga? Lengalenga! Kitu inaota hata pahali hawajaiita!"

Hapo nikajua kwamba lengalenga yenu ndiyo dodo yetu, na ndiyo mchicha wa watu wa pwani. Ulitua kikapu, ukanifunga kanga vizuri kiunoni kama unamfunga mtoto, tukaanza kuokota vioo. Hukuniuliza mume wangu yuko wapi. Ulikuwa umekimbia Uvira wakati wa vita vyenu, ukiwa na Faida mgongoni, na hukuwa mtu wa kuulizia waume wa watu.

Mimi nilitaka kabichi na karoti. Nilikuwa na paketi moja ya mbegu za karoti, ya zamani, kutoka duka la Mhindi, yenye picha nzuri. Uliitikisa sikioni, ukanirudishia. "Hii ni ya mutu mwenye roho imetulia. Weye anza na maharagi." Harage, ulinieleza, unalishika, unaliona, unajua umeliweka wapi, na likichomoza linakuja na mabega yake, huwezi kulidhania ni majani ya porini. Ukanipa na kunde, maana kunde hata ukizisahau hazinuni. Mbegu za boga ulizikandamiza kwa kidole gumba kwenye lile rundo la majivu na maganda ya ndizi, ukasema hapo ni pake, lisiguswe. Bamia ulizilaza kwanza kwenye kikombe cha maji kwa sababu ngozi yake ni ngumu. Mbegu za dodo, ndogo kama baruti, ulizichanganya na mchanga mkavu ukazirusha kama unawalisha kuku. Nikataka kuzifukia. "Pitisha tawi juu yake, basi. Ukizifukia sana zitafikiri zimekufa." Nyanya ilitoka kwenye nyanya iliyooza. Uliikamulia kwenye ukurasa wa gazeti, juu ya picha ya mkubwa mmoja mwenye nishani, ukaianika. Tulicheka tumeziba midomo kwa kanga, tukichungulia njia.

Lakini maharage niliyaua. Kila asubuhi nilikuwa nikiyafukua kuona kama yameanza. Nayarudisha, nayamwagia maji, kesho nayafukua tena. Siku uliponikuta nimepiga magoti na harage lililovimba mkononi, hukunicheka. Ulilichukua, ukaliangalia lile jino jeupe lililoanza kutoka, ukasema polepole, "Mama Atim, hii ilikuwa inakuja. Uiachie nafasi ikuje."

Ndipo nikalia. Nikakwambia yote kuhusu Okot, pale pale kwenye udongo.

Hukunipa pole. Ulichokoa udongo kwenye kucha zako. Kisha ukasema, "Miye napelekaga mboga kwenye kambi ya waaskari, kule nyuma. Mpishi wao ninamujua."

Kwa jirani zetu wengi Kiswahili kilikuwa lugha ya kizuizi. Simama, fungua, lala chini. Kwako kilikuwa lugha uliyoimbiwa na mama yako, na askari wale, watu waliotoka kwao mbali, walipokusikia ukikiongea walikuita shangazi. Ulipita pale getini kama mtu anayepita uani kwa ndugu yake. Mpishi alikuwa koplo mtu mzima anayechechemea. Ulimzoea kwanza kwa kumpa bamia za kumpelekea mkewe. Halafu siku moja alikuambia bila kukutazama kwamba nyuma ya jiko kuna stoo, na stooni kuna watu wa kaskazini, wanakula makombo ya askari. Majina hayajui na hataki kuyajua.

Tungejuaje kama Okot ni mmoja wao? Jina lake usingeweza kulitaja. Mimi ndiye niliyekumbuka malakwang, yale majani machachu ya kwetu yanayopikwa na karanga za kusaga. Okot alikuwa akisema Kampala nzima hakuna ajuaye kuyapika isipokuwa mkewe, na hata mkewe hajui kutia chumvi. Wanawake wa kwetu waliokuwa wakiyauza walikuwa wamekwisha kukimbia. Tulimpata mmoja mtaani Nateete, anafunga mizigo yake aondoke, akatugawia vikonyo vikavu vyenye mbegu. Ulipoziona ulipiga kofi. "Hii ni ngaingai! Hii inaota yenyewe tu!"

Tulizipanda pembeni mwa bafu, mahali maji yanapotokea. Sikufukua hata moja. Nilikuwa nikisimama mbali, mikono nyuma, nikiangalia udongo, na Atim alinishika sketi akisimama vilevile. Zilipotoka, majani mawili mawili ya mviringo, niliingia ndani nikakaa kitandani. Na bado tulilazimika kungoja yawe ya kuchumwa. Ulinizuia mara ngapi! "Bado. Ukichuma sasa utapata kijiko kimoja."

Siku yenyewe nilipika asubuhi. Ulitia mkebe wa malakwang chini ya dodo, ukajitwika kikapu, ukaondoka ukiimba ule wimbo wenu wa kanisani. Uliponisimulia baadaye ulikuwa ukiigiza sauti za wote. Askari kijana getini aliinua dodo akaona mkebe. "Nini hii?" Ukamwambia, "Ni mboga ya mpishi, mwanangu. Inakata tumbo kama haujaizoea." Akachovya kidole, akalamba, akakunja uso kwa ule uchachu, akakusukuma upite. Na koplo jikoni akasema, "Mama, mimi hapana ona kitu. Weka pale, kwenda."

Hukuondoka. Ulibaki ukichambua mboga mlangoni mwa jiko mpaka aliporudi na mkebe mtupu.

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye bamia nilipoona kitenge chako kikipanda njia. Ulianza kusema kabla hujafika. Kuna mmoja, alisema mpishi, mrefu, mwenye mwanya, alionja, akageukia ukuta, akala ametazama ukuta. Alipomaliza akasema kwa Kiswahili, "Mwambie aliyepika, chumvi haitoshi."

Tulipiga kelele, Mama Faida. Nalongo alitoka mbio akidhani tumepata msiba. Uliangusha kikapu, ukanishika mabega, ukawa unaniuliza, "Ni yeye? Ni yeye?" na mimi naitikia kwa kichwa, nacheka, nalia. Chumvi yenyewe ilikuwa haipatikani mjini wakati ule, na yeye amefungwa stooni anailalamikia.

Baada ya hapo malakwang ilichumwa na kuchipua, ikachumwa na kuchipua. Ulipeleka wewe. Mimi hukuniruhusu hata kukusindikiza mpaka kona. Okot aliniambia baadaye kwamba mkebe ule waligawana wote waliokuwamo, kila mmoja donge dogo, na mzee mmoja wa Lira alikuwa akilamba kifuniko.

Halafu Okot mwenyewe akaja. Mchana, kwa miguu, bila viatu, amebaki mifupa. Mtu asiyemjua alikuwa amefungua mlango na kumwambia asionekane tena Kampala. Mpaka leo hajui ni nani wala kwa nini. Lori la kwenda kaskazini lilikuwa likiondoka jioni ile ile, na dereva alikubali kutuficha kati ya magunia.

Na wewe ulikuwa umekwenda Nateete.

Nilisimama barabarani nikitafuta kitenge cha njano. Kila mwanamke mwenye kikapu niliona ni wewe. Okot alikuwa ndani anatetemeka, dereva anapiga honi, Atim analia kwa sababu hamjui baba yake alivyokonda vile. Nikamkimbilia Nalongo. Nikamwambia, "Mwambie Mama Faida…" na honi ikalia tena. Nikasema, "Mwambie tumekwenda." Basi. Mtu aliyebeba uhai wa mume wangu kichwani mwake, huo ndio ujumbe niliomwachia. Nimekuwa nikitunga maneno ambayo ningekuambia tangu lori lilipovuka mto Nile mpaka leo. Barua sikuthubutu kutuma, jina letu kwenye bahasha lingekuletea matatizo. Nikajisemea hali itatulia, nitakwenda mwenyewe, nitamkuta anagombana na Nalongo.

Huko Kitgum nimelima. Wake za walimu na manesi, wasiojua kulima kama nilivyokuwa mimi, wananijia nyuma ya nyumba, nami nawapa maharage na kunde na dodo, nawakataza karoti. Nasema, "Rafiki yangu wa Kampala ndiye aliyenifundisha." Okot anawaambia wewe ni dada yake.

Sasa nafika kwa aliyonisimulia Nalongo. Alinieleza siku niliyofika, akiwa anamenya ndizi, hakuinua macho hata mara moja.

Kwamba tulipoondoka, wake wa wafungwa wengine walisikia. Hakuna aliyejua nani alisema. Wakaanza kuja na mikebe yao, mmoja mmoja: wa Gulu, wa Lira, hata Waganda ambao waume zao na watoto wao walikuwa kule. Ulipokea yote. Nalongo alikukanya, akakuambia wewe ni mgeni katika nchi hii, huna hata karatasi. Ulimjibu, "Sasa nimuambie nani hapana? Wewe unichagulie." Halafu koplo akahamishwa. Getini wakawekwa watu wapya. Wakamwaga kikapu chini, wakapanga mikebe mstari, wakakuuliza mkebe huu wa nani, na huu wa nani. Ulisema yote ni yako.

Walikuweka ndani siku nyingi. Walipokuachia ulirudi ukishika kuta. Hospitali hapakuwa na dawa, na palikuwa na watu wa kukaa karibu na kitanda wakisikiliza, kwa hiyo uliomba urudishwe nyumbani. Ulikufa mchana, Faida amekushika kichwa. Nalongo alikuosha. Anasema mgongo wako hataki kuuzungumzia, nami sikumuuliza tena.

Mama Faida, ni mimi niliyeleta malakwang. Najua ungenikemea kwa kusema hivi. Okot pia ananikemea, anasema waliokuua wana majina yao na langu halimo. Lakini nikilala jambo hili hulala nami. Mume wangu anakula mezani, anacheka na binti yake, na kila ninapomwekea sahani naona na sahani ambayo wewe hukuwekewa.

Nilimtafuta Faida. Yuko Kansanga, kwa mtu wa kwenu mwenye baa, anaosha glasi. Amekuwa mrefu, ana paji lako la uso. Nilipojitambulisha hakuacha kuosha. Akasema, "Wewe ndiye wa ile mboga chachu." Nikasema ndiyo. Akasema, "Mume wako alirudi." Nikasema ndiyo, alirudi. Nikakaa pale kwenye benchi mpaka mwenye baa akaniuliza kama nanunua kitu.

Nilirudi kesho yake, akanipita kama kiti. Nilirudi tena. Safari hiyo aliniletea kahawa ambayo sikuagiza, akasimama, akauliza, "Huko kwenu kuna shule?" Nikamwambia ipo, na kwamba Atim atafurahi kuwa na dada. Akafikiri. "Nitakuja. Lakini sitakuita mama."

Nikamwambia, "Mama unaye."

Ndipo akakaa, akanieleza habari ya maziko. Wazee wa Wakongomani wenzenu waliwaomba waombolezaji waseme ni malaria, ili asichukuliwe mwingine. Walikuwa na haki ya kuogopa. Basi watu wakaja, wakauliza, wakajibiwa malaria, na Faida, mwanao, alisimama kando ya kaburi akajibu malaria kwa kinywa chake mwenyewe kwa kila aliyemshika mkono. Barua waliyompelekea mama yako Uvira ilisema hivyohivyo. Aliponiambia hilo ndipo alipolia. Hakuwa amelia mpaka hapo, nadhani, si mbele ya mtu.

Asubuhi ya leo alinipeleka kwako. Tumeng'oa majani, tumenyanyua msalaba uliokuwa umelala upande. Nilisema aksanti, kwa matamshi yenu, mara nyingi, mpaka Faida akanishika mkono kuniambia yatosha.

Nalongo anarudi, namsikia akisalimiana na mke wa fundi. Lazima nimalize. Lala salama, dada yangu. Faida nitamtunza, ila hilo silihesabu kuwa ahadi, ni kazi yangu tu. Ahadi yangu ni hii: njia ikifunguka, na ikiwa mama yako bado anaishi, nitampeleka Faida Uvira, mimi mwenyewe. Nitakaa chini mbele ya mama yako. Nitamwambia alizaa mtu waliyempiga ili ataje majina ya wanawake wenzake, na hakutaja hata moja. Halafu nitamwachia Faida aseme lililomuua mama yake, kwa sauti, mbele ya watu wenu wote.

Ni mimi,
Mama Atim